Louis Braille: mtoto wa fundi ngozi aliyefungua kitabu kwa vidole

Wakaaji wa Beni, Butembo, Lubero na pande zote zinazotusikia, kuna majina tunayotaja bila kujua kwamba yalikuwa majina ya watu. Tunasema maandishi ya Braille, na wengi kati yetu wanafikiri Braille ni aina ya karatasi, ao mashini, ao kampuni fulani ya Ulaya. Hapana. Braille ni jina la familia ya fundi mmoja wa ngozi katika kijiji cha Ufaransa, na yule aliyelibeba jina hilo mpaka likafika kwetu alikuwa mtoto aliyepofuka kabla hajafikisha miaka 6.

Kwa nini tusimulie maisha yake leo? Siku hizi katika nchi tajiri kuna miwani kubwa ya kompyuta inayofunika macho yote mawili. Mzazi ao mwalimu anaivaa, na mara moja anaona chumba namna mtoto mwenye ugonjwa wa macho anavyokiona: ukungu mzito kama ule wa asubuhi kwenye vilima vya Lubero, ao shimo jeusi katikati, ao duara dogo tu kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Lengo ni kwamba mwenye macho aelewe. Ni lengo zuri. Lakini kazi ya kumwelewa mtoto asiyeona ilianza zamani sana kuliko kompyuta, na maisha ya Louis Braille yanaonyesha wapi wenye macho walifaulu na wapi walikosea, hata wale waliokuwa na moyo mzuri.

Atelye ya papa

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 mwezi wa kwanza mwaka 1809 kijijini Coupvray, mashariki ya Paris, mwendo wa kilomita kama 40. Papa yake, Simon-René, alitengeneza matandiko ya farasi, mikanda na hatamu. Mama yake alikuwa Monique Baron. Louis alikuwa wa mwisho kati ya watoto 4. Familia haikuwa ya matajiri, lakini haikulala njaa. Fundi wa matandiko wakati ule alikuwa kama fundi wa pikipiki kwetu leo: bila yeye hakuna kinachotembea.

Wote tunajua atelye ilivyo. Ukipita Butembo mbele ya maseremala ao mafundi viatu, utaona watoto wakicheza chini ya meza, kati ya misumari na vipande vya mbao. Ndivyo ilivyokuwa Coupvray. Mwaka 1812, Louis akiwa na miaka 3, alichukua chuma chenye ncha kali cha kutobolea ngozi, akataka kufanya kama anavyofanya papa. Ngozi ni ngumu na mkono wa mtoto ni mdogo. Chuma kiliteleza, kikamwingia jichoni.

Wazazi walifanya walichoweza. Lakini wakati ule hapakuwa na antibiotiki. Dawa hizo zilikuja zaidi ya miaka 100 nyuma yake. Jicho liliharibika. Kisha jicho la pili, ambalo halikuguswa na kitu chochote, nalo likaanza kuwa jekundu na kufifia. Madaktari wa macho wanalijua jambo hilo: jicho moja likijeruhiwa vibaya, la pili linaweza kulifuata. Alipofikisha miaka 5, Louis hakuona tena kitu.

Nyakati zenyewe zilikuwa mbaya. Kuanzia mwaka 1814, Napoleon akishindwa vita, askari wa mataifa mbalimbali walipita Coupvray, wakalala katika nyumba za watu na kula chakula cha watu. Sisi hapa hatuhitaji kuelezwa maana yake. Mtoto ambaye ndio kwanza anajifunza kutembea bila macho alikuwa anasikia nyumbani kwao viatu na lugha ambazo hakuzijua.

Mtoto ambaye hakufichwa

Hapa ndipo maisha ya Louis Braille yangeweza kuishia. Katika Ulaya ya wakati ule, mtoto kipofu wa maskini alikuwa na njia moja iliyo wazi mbele yake: kuomba mlangoni pa kanisa. Wengine walifungiwa ndani kwa haya. Tusiwacheke. Hata hapa kwetu, katika mitaa ya Beni na Butembo na katika vijiji vyetu, kuna watoto ambao majirani wanajua tu kwamba wapo, lakini hawajawahi kuwaona wakivuka kiwanja cha nyumba. Wazazi wengine wanaogopa macheko. Wengine wanaambiwa ni ulozi, ao ni deni la mababu. Wengine wanampenda mtoto wao sana, na ni kwa upendo huo wanamzuia asitoke.

Simon-René na Monique walifanya kinyume. Papa alimchongea Louis fimbo, na mtoto akajifunza njia za kijiji kwa kuhesabu hatua na kusikiliza. Alipewa kazi za nyumbani kama watoto wengine. Inasimuliwa kwamba papa alipigilia misumari yenye kichwa cha duara juu ya ubao, akaipanga kwa umbo la herufi, ili mtoto azisome kwa kuzipapasa. Mtu ambaye kazi yake ni ngozi na misumari alitafuta dawa katika ngozi na misumari.

Kisha walikuja watu wawili wa kijiji. Padri Jacques Palluy alianza kumfundisha Louis mambo ya dini na ya dunia. Akamwomba mwalimu wa kijiji, Antoine Bécheret, amkubali darasani pamoja na watoto wanaoona. Mwalimu alikubali. Hapakuwa na kitabu cha vipofu wala chombo chochote maalumu darasani. Louis alikaa, akasikiliza, akakumbuka, na akawa kati ya wanafunzi wa kwanza.

Lakini kusikiliza peke yake kuna mwisho wake. Watoto wengine walifungua kitabu na kuandika, yeye akakaa mikono mitupu. Padri na tajiri mmoja wa eneo hilo walimtafutia nafasi katika masomo ya vipofu ya Paris. Tarehe 15 mwezi wa pili mwaka 1819, Louis na papa yake waliingia Paris. Mtoto alikuwa na miaka 10.

Vitabu vilivyotengenezwa na macho

Masomo yale yalikuwa ya kwanza ya aina yake duniani. Yalianzishwa na Valentin Haüy, na chanzo chake ni aibu. Mwaka 1771, katika soko la sikukuu huko Paris, Haüy aliona kundi la vipofu waliovishwa nguo za kuchekesha na miwani mikubwa ya kadibodi, wamewekewa karatasi za muziki mbele yao kana kwamba wanasoma, huku watu wakilipa ili wawacheke. Haüy aliondoka akiwa na hasira, akakusudia kuwafundisha vipofu kusoma kweli. Mwaka 1784 alimpata kijana kipofu aliyekuwa akiomba kanisani, jina lake François Lesueur, akamfundisha. Mwaka uliofuata masomo yakaanza.

Haüy alikuwa mtu mwema, na hilo tusilisahau. Njia yake ilikuwa hii: alichukua herufi zile zile ambazo macho yanasoma, akazikandamiza juu ya karatasi iliyoloa, zikainuka kiasi cha kuguswa. Vitabu vyake vilikuwa vikubwa na vizito, na masomo yalikuwa na vichache tu. Mtoto alipapasa herufi moja, akatafuta mviringo wake, mkia wake, mguu wake, kisha ya pili, kisha ya tatu. Akifika mwisho wa sentensi, mwanzo ameshausahau. Tena hakuweza kuandika mwenyewe hata neno moja namna hiyo, juu ya kuandika kulihitaji mashini ya kuchapa.

Kosa lilikuwa wapi? Haüy alikuwa amejiuliza namna gani kipofu atasoma herufi zetu. Hakujiuliza kama herufi zetu zinafaa kidole. Jicho linapenda mistari na mviringo, linaona umbo zima mara moja. Kidole kinasoma kwa ncha yake ndogo, na kinatambua nukta upesi zaidi kuliko mstari. Lakini jambo hilo anayelijua vizuri ni mtu anayeishi kwa vidole.

Maisha katika nyumba ile hayakuwa mepesi. Lilikuwa jengo la zamani, lenye unyevu, ambalo wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa lilitumiwa kama jela. Kiongozi wa kwanza aliyemkuta, daktari Sébastien Guillié, alikuwa mkali sana. Hata hivyo, Louis alijifunza: historia, hesabu, ufundi wa mikono, na hasa muziki. Alipiga kinanda na selo, na sikio lake lilisifiwa.

Nukta 12 za Barbier

Mwaka 1821, Guillié akiwa ameondoka na nafasi yake imechukuliwa na Alexandre-René Pignier, mtu mpole zaidi, masomo yalipokea ugunduzi mpya. Charles Barbier, aliyekuwa zamani afisa wa jeshi, alikuwa ametengeneza maandishi ya nukta zilizoinuka. Kila alama iliweza kuwa na nukta mpaka 12, katika mistari miwili ya kusimama, nukta 6 kila upande. Mtu aliziandika kwa kutoboa karatasi ngumu na chuma chenye ncha.

Watoto walizipokea kwa furaha. Kwa mara ya kwanza kidole kiliteleza juu ya kitu ambacho kinaeleweka, na kwa mara ya kwanza mtoto kipofu aliweza kumwandikia rafiki yake na rafiki akasoma. Lakini Louis, mwenye miaka 12, aliona kasoro. Alama ya nukta 6 kwenda chini ilikuwa ndefu kuliko ncha ya kidole: ilibidi kupandisha na kushusha kidole ili kuimaliza. Tena Barbier aliandika sauti, si herufi. Kwa njia yake huwezi kujifunza tahajia, hakuna vituo vya sentensi, hakuna namba, hakuna muziki.

Louis alimweleza mawazo yake. Inasimuliwa kwamba mzee yule hakufurahi kusahihishwa na mtoto. Tunaweza kuelewa. Alikuwa ametumia miaka kwa kazi yake, na sasa kijana wa masomo, kipofu, anamwambia kwamba haijafika. Lakini kijana ndiye aliyekuwa na kidole juu ya karatasi.

Nukta 6

Miaka 3 ilifuata ya kazi ya kimya. Mchana alisoma na wenzake, usiku alitoboa karatasi. Wakati wa likizo alirudi Coupvray na kuendelea huko, karibu na ile atelye ambayo ilimchukulia macho. Chuma alichotumia kuandika kilifanana na kile kilichomuumiza. Mwaka 1824, akiwa na miaka 15, njia yake ilikuwa imesimama. Mwaka 1829 aliitolea kitabu, chenye kueleza namna ya kuandika maneno na muziki kwa nukta.

Njia yenyewe ni nyepesi, na hata wewe unayeona unaweza kuijua leo. Chora kisanduku chenye nukta 6 katika mistari miwili ya kusimama. Upande wa kushoto, kutoka juu kwenda chini, ni nukta ya 1, ya 2 na ya 3. Upande wa kuume ni ya 4, ya 5 na ya 6. Kisanduku chote kinaenea chini ya ncha ya kidole kimoja. Kwa kuchagua nukta gani ziinuke na gani zibaki bapa, unapata alama 63.

Herufi A ni nukta ya 1 peke yake. B ni ya 1 na ya 2. Herufi 10 za kwanza, kutoka A mpaka J, zinatumia tu nukta 4 za juu. Herufi 10 zinazofuata ni zile zile, unaongeza tu nukta ya 3. Ukishika 10 za kwanza umeshika karibu alfabeti yote. Tuandike BENI: B ni nukta 1 na 2, E ni 1 na 5, N ni 1, 3, 4 na 5, I ni 2 na 4. Chukua kadibodi na sindano nene, toboa upande wa nyuma, ukianzia kuume kwenda kushoto, kisha geuza na upapase. Umeandika jina la mji.

Kiswahili chetu kinaingia humo bila shida, maana kinatumia herufi zile zile. Kuna jambo moja dogo la kuchekesha: W haifuati mpangilio wa herufi nyingine, kwa sababu Kifaransa cha wakati wa Louis hakikuihesabu katika alfabeti yake, ikapewa nafasi mwishoni. Kwetu sisi bila W hatungeandika hata watoto wala walimu.

Mwalimu Braille

Louis hakutoka tena katika masomo yale. Akiwa kijana alianza kusaidia kufundisha, na mwaka 1833 akawa mwalimu kamili. Papa yake alikuwa amefariki mwaka 1831. Jumapili alipiga kinanda katika kanisa za Paris, kati yake Saint-Nicolas-des-Champs. Waliomjua walimsimulia kama mtu mtulivu, anayesikiliza zaidi ya kusema, na mwepesi wa kutoa. Aliwakopesha wanafunzi maskini pesa na hakuwadai.

Alipokuwa na miaka kama 26, kifua kikuu kilianza kumla. Aliendelea na kazi kila aliposikia nafuu. Jambo moja lilikuwa likimsumbua: nukta zake zilisomwa na vipofu, lakini mama wa kijijini hawezi kusoma barua ya mtoto wake. Basi mwaka 1839 alitoa njia nyingine, ya kupanga nukta nyingi ndogo mpaka zitoe umbo la herufi za kawaida. Rafiki yake Pierre Foucault, naye kipofu, alitengeneza mashini ya kuziandika upesi, mwaka 1841, miaka mingi kabla mashini za kuandikia hazijaenea maofisini. Kipofu aliweza sasa kumwandikia mtu mwenye macho. Angalieni vizuri: ni vipofu wawili waliohangaika ili wenye macho wasibaki nje.

Vitabu motoni

Ungefikiri masomo yalisherehekea. Haikuwa hivyo. Serikali haikuitambua njia ya Braille. Walimu wenye macho wengi hawakuitaka, juu hawakuijua, na waliogopa kwamba vipofu watajitenga katika maandishi yao wenyewe. Mwaka 1840 Pignier aliondolewa, na kiongozi mpya, Pierre-Armand Dufau, akaamua kurudisha herufi zilizoinuka za wenye macho, za mtindo mwingine. Vitabu vya zamani vya masomo vilichomwa moto, na nukta za Braille zikakatazwa.

Watoto hawakuacha. Usiku waliandikiana kwa nukta, wakitumia chochote chenye ncha. Wakubwa waliwafundisha wadogo kwa siri. Ukimkataza mtu chombo kisichomfaa, atakisahau. Ukimkataza chombo kinachomfaa, ataficha sindano.

Msaidizi wa Dufau, Joseph Guadet, aliwatazama watoto wale na kuelewa. Alimshawishi mkubwa wake. Mwaka 1843 masomo yalihamia jengo jipya lenye hewa safi, na siku ya kulizindua, tarehe 22 mwezi wa pili mwaka 1844, Guadet alieleza njia ya Braille mbele ya wakubwa wote. Watoto walionyesha: mmoja aliandika maneno yaliyosomwa na mtu, mwingine ambaye hakuwepo chumbani akaitwa akayasoma kwa vidole bila kukosea. Louis alikuwepo. Alikuwa mgonjwa tayari.

Alifariki tarehe 6 mwezi wa kwanza mwaka 1852, siku 2 nyuma ya kutimiza miaka 43. Magazeti ya Paris hayakuandika kitu. Alizikwa Coupvray, karibu na watu wake. Inasimuliwa kwamba katika vitu vyake kulikuwa na sanduku aliloagiza lichomwe bila kufunguliwa. Waliolifungua walikuta makaratasi ya madeni ya wanafunzi wake: alitaka yapotee pamoja naye.

Mwaka 1854, miaka 2 nyuma ya kifo chake, Ufaransa iliikubali njia yake rasmi. Mwaka 1878 mkutano wa mataifa mbalimbali huko Paris uliipendekeza kwa masomo ya vipofu. Katika Afrika Mashariki, masomo ya vipofu ya Thika, Kenya, yalianza mwaka 1946. Mwaka 1952, miaka 100 ikiwa imepita, Ufaransa ilihamisha mwili wake kwenye Panthéon, mahali wanapowekwa watu wakubwa wa taifa. Lakini kijiji cha Coupvray kiliomba kibaki na mikono yake, na mikono ikabaki. Na tangu mwaka 2019, tarehe 4 mwezi wa kwanza, siku aliyozaliwa, ni siku ya Braille duniani kwa uamuzi wa Umoja wa Mataifa.

Miwani na kidole

Sasa turudi kwenye miwani ya kompyuta. Je, inasaidia? Inaweza. Mwalimu aliyeona kwa dakika 5 kwamba ubao wote ni ukungu hatamwita tena mtoto huyo mvivu. Atamkalisha mbele na kuandika herufi kubwa. Hilo si dogo. Kuna watoto wengi wanaochapwa ao kufukuzwa masomo kwa sababu hawasomi ubaoni, kumbe hawauoni.

Lakini kuna hatari. Watafiti wa Marekani, kati yao Arielle Silverman ambaye mwenyewe haoni, walifunga watu macho kwa muda mfupi, na mwaka 2014 wakatoa matokeo. Waliofungwa macho walipata huruma zaidi kwa vipofu, ndiyo. Lakini pia waliwaona kuwa hawawezi kazi wala kuishi peke yao, kuliko walivyofikiri watu ambao hawakufungwa macho. Sababu ni wazi: ukifunga macho leo, unaonja siku ya kwanza ya upofu, siku ya kujigonga na kuogopa. Huonji mwaka wa 10, wakati mtoto anajua njia ya kisima kwa sauti ya miguu yake. Miwani inaweza kukuonyesha jicho lisiloona. Haikuonyeshi kidole kinachosoma.

Kuna mfano bora. John Hull, mwalimu wa chuo kikuu cha Birmingham huko Uingereza, alipopoteza macho kabisa katika miaka ya 1980 alijirekodi kwenye kaseti, akieleza namna mvua inavyomchorea bustani kwa sauti yake juu ya majani, juu ya bati, juu ya njia. Mwaka 2016 wasanii walichukua kaseti hizo na kutengeneza kazi ya miwani ya kompyuta, ambamo vitu vinatokea gizani pale tu vinapotoa sauti. Anayeivaa hatoki na huruma tupu. Anatoka amejifunza kusikiliza. Kazi hiyo ilifaulu kwa sababu ilianzia kwenye sauti ya asiyeona mwenyewe. Ni kosa la Haüy likisahihishwa tena.

Sisi hapa wengi hatutaivaa miwani hiyo. Hatukosi kitu kikubwa. Somo la Louis Braille linapatikana bila umeme.

Kwanza, jicho la mtoto likichomwa na msumari, mti ao jiwe, usitie maji ya majani, mkojo wala maziwa. Usilisugue. Lifunike kwa kitu safi bila kulikandamiza, ukimbie hospitali siku hiyo hiyo. Louis hakuwa na dawa, sisi tunazo. Na chanjo ya surua pamoja na vitamini A ambayo wauguzi wanaleta mitaani ni ulinzi wa macho pia.

Pili, mtoto asiyeona asifichwe. Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 mwezi wa tano mwaka 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu katika Kongo nzima, na kusoma ni mojawapo. Mzazi anayekataliwa ana haki ya kuuliza tena. Kibao cha kuandikia nukta, chuma chenye ncha na karatasi ngumu havihitaji umeme, wala intaneti. Anayehitajika zaidi ni mwalimu aliyejifunza, kama yule wa Coupvray aliyefungua mlango kabla hajawa na chombo.

Tatu, katika inchi yetu ambamo tangu 2014 familia nyingi za Beni zimekimbia usiku, mtoto asiyeona lazima ajue mapema atashika mkono wa nani na njia ipi. Azoezwe njia hiyo mchana, kwa miguu yake, si mara moja.

Na la mwisho ndilo kubwa. Kabla ya kuamua kwa ajili yake, tumwulize. Haüy alikuwa na moyo, Barbier alikuwa na akili, Dufau alikuwa na mamlaka. Jibu lilikuwa kwa mtoto wa miaka 12, aliyekaa mbele yao na kidole juu ya karatasi. Huenda jibu lingine limekaa sasa hivi katika nyumba fulani ya Butembo ao ya Beni, nyuma ya pazia, linasikiliza redio hii.